Mshipa Nilioonyeshwa Shingoni

Mwanza, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Hamjambo wewe na Mama, na baridi ya Mtae? Viazi vimekubali safari hii? Mimi leo sijambo, alhamdulillahi, ila wiki iliyopita yalinikuta. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, ukisikia neno hospitali tu, mtandao wako hukatika ghafla.

Nilikuwa nakata gauni la mteja, mkasi ukanidondoka. Mkono wa kulia ulikufa ganzi. Nikataka kumwomba mteja radhi, ulimi ukagoma. Baada ya robo saa kila kitu kilirudi, nikataka kuendelea na kazi, lakini yule mama akanivuta mpaka hospitali.

Walinitoa damu, wakapima mafuta yaliyomo. Kisha daktari akanipaka kitu cha baridi shingoni, akapitisha kidude, akanigeuzia kioo cha mashine. Baba, niliuona mshipa wangu mwenyewe! Damu inasukumwa, inapita, inasukumwa tena, bila mimi kuiomba. Miaka arobaini na moja inanifanyia kazi hiyo, na sijawahi kuifikiria hata siku moja. Machozi yalinitoka, nikabaki nasema Subhanallah, Subhanallah. Ila ukutani mwa mshipa palikuwa na kitu kimeganda, kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyopoa.

"Damu iligandia hapo," daktari akasema. "Kipande kikapanda kichwani, kikaziba njia, bahati kikayeyuka. Kiharusi kimekukosa kidogo tu."

"Mimi mwembamba hivi, mafuta yametoka wapi?"

"Hayaangalii kiuno, mama. Mengine ni ya ukoo. Wazazi wako je?"

Nikamweleza kwamba Babu alipooza. Na kwamba wewe una presha, ila vidonge unameza siku za gulio tu, kwa kuwa ndizo siku unazopanda mlima na mzigo. Nilidhani atacheka. Akaweka kalamu chini, akasema presha ipo hata ukiwa umekaa barazani unapukuchua maharage.

Naogopa, Baba. Babu alimaliza miaka miwili akitutazama bila kuweza kututaja majina, na wewe ndiye uliyemlisha. Meza kila siku. Na ushuke Lushoto wakupime mafuta ya damu.

Msalimie Mama, shangazi, na mdogo wangu Hamza.

Daktari aliniuliza kama utakubali. Nilimjibu utakubali, kwa sababu una wajukuu ambao unataka kuwaita majina mpaka mwisho.

Mwanao,
Zaituni