Mnanaa ya Yasmina Ilivyokunywa Chumvi

Biryogo, Kigali
14 Agosti 2025

Mpendwa shemeji Usumani,

Salaam aleikum. Huko Kigoma uko mzima? Mgongo umepona, ao bado unatembea kama mtu ameangusha shilingi? Na bibi yako Umulisa, na watoto? Sisi tuko wazima, Alhamdulillahi. Mimi nimenenepa kidogo. Usiseme ni uvivu, ni dada yako Yasmina anapika vizuri.

Barua inakuja na Kalisa, dereva wa lori. Ningepiga simu, lakini habari ya dada yako si ya kuongea mbio mbio.

Unajua ile magunia yake ya udongo, amepandia mnanaa na dania, pale ukutani. Ndiyo kazi yake yeye mwenyewe, na mzee Munyaneza wa mgahawa anachukua mnanaa ya chai kwake kila asubuhi. Sasa kiangazi hii bomba ilikauka. Jirani yetu Spéciose, anayeuza makayabo, akatuonea huruma, akawa anatupa maji aliyolowekea ile samaki yake ya chumvi. Tukamshukuru sana. Mimi nilisema kabisa, maji ya samaki iko na vitamini!

Yewe shemeji, dania ilikufa yote. Mnanaa ikagoma kukua, majani madogo kama sikio ya panya, pembeni yameungua kama yamepigwa pasi. Udongo umelowa, mmea iko na kiu! Mzee Munyaneza akakuja kuona. "Yasmina mwanangu, hii ni mnanaa ao ni majani ya chai ya jana? Wiki hii isipopona, nitachukua kwa soko ya Kimironko."

Mwingine angemtukana Spéciose mpaka msikitini wasikie. Dada yako hapana. Alimwita, akamkalisha, akamwonyesha chumvi nyeupe imekauka juu ya udongo. Spéciose alilia, na bomba iliporudi akaleta jerikani zake zote. Yasmina akatoboa magunia chini, akamwaga maji safi juu mpaka ikatoka chini, akachovya kidole, akaonja. Chumvi! Akamwaga tena, akaonja tena, mpaka maji ikatoka bila ladha. Mimi nilisimama tu na jerikani mkononi, namuangalia. Shemeji, mlinipa mtu.

Ijumaa akapelekea mzee yale majani madogo yaliyobaki.

"Mzee, weka nusu tu, ni madogo lakini ni makali."

Mzee kichwa ngumu, akajaza mkono mzima kama siku zote. Wallahi wateja walikohoa! Harufu ilifika kwa mafundi cherehani. Akapika ingine na nusu ya majani, akaonja, akajaza kikombe tena.

"Kesho lete. Na uwe unanitengenezea ya hivi hivi."

Mimi na akili yangu ya biashara nikarukia: basi tuiwekee chumvi kidogo kidogo makusudi! Dada yako akaniangalia.

"Na wewe nikikunyima maji, utanukia vizuri?"

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Sasa mnanaa inakunywa maji safi, majani mapya ni mapana, na mzee hajatafuta ya Kimironko. Spéciose naye amepanda gunia moja yake, Yasmina anamfundisha.

Basi, nisalimie Umulisa, watoto, na mama mdogo Mukamana. Mungu awafunike na afya, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi shemeji yako nayekupenda, hata kama nasema sana,

Twizeyimana