Benchi la Waliosoma

Arua, Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na muhogo, umesalimika na mbuzi wa jirani? Sisi huku tunapumua, ila mimi situlii. Tangu mchana nainuka, nakaa, nainuka tena. Nimefagia kibanda wala hakuna mteja aliyekichafua. Sikupiga simu kwa sababu kati ya kitanda changu na cha mdogo wangu Taban kuna pazia tu, na habari zenyewe ni zake.

Unakijua chama chetu cha watu wa Ludara tunaoishi Arua, kinachosafirisha wagonjwa na maiti kurudi nyumbani. Mchango wake tunauita kodi, na kweli unauma kama kodi. Mwenyekiti wetu, Mzee Wani, aliweka sheria: waliosoma wakae benchi la mbele, walipe mara tatu, sisi wengine tukae nyuma, tulipe mara moja. "Mutu ya kalamu iko na nguvu," alisema. "Yeye abebe kubwa."

Taban akaenda mbele, shati limepigwa pasi, akaketi kati ya mwalimu na nesi. Lakini Baba, diploma ya uhasibu uliyomlipia kwa ng'ombe wako haijampa kazi. Huwaandikia madereva karatasi za forodha pale mpakani Vurra, siku akiitwa. Mimi niliyekomea darasa la saba ili yeye aendelee, nawapikia madereva haohao, na sufuria hazirudi na kitu, chakula chote kinanunuliwa. Bado yeye alilipa mara tatu ya kwangu. Mwezi uliopita simu yake haikuonekana tena; aliiuza ili alipe.

Roho ikanisuta. Kwenye kikao nikasimama. "Mimi iko na kibanda," nikasema. "Mimi napata kushinda hii mwalimu. Tulipe kwa ile kitu naingia mfukoni, si kwa shule."

Mwalimu alifurahi sana. "Serikali nakata yangu mbele sijagusa," alisema, "halafu nyinyi nakata tena." Hata Mzee Wani akakubali, akaanza kuuliza mmoja mmoja anapata nini. Nilijiona hodari, Baba. Sikufikiri kwamba zamu itamfikia Taban.

"Wewe napata nini?"

Taban akanyoosha kola ya shati. Mama mmoja muuza samaki akamjibia: "Huyu iko nakula kwa dada yake." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee akamwambia ahamie nyuma, alipe kiwango cha wajane na wapagazi. Alivuka ua mzima huku wote tunamtazama.

Tangu hapo hagusi chakula changu. Alfajiri anakwenda Vurra, wala si kuandika: anashusha saruji kwenye malori. Anasema atavuka kwenda Kongo, akae mahali asipojulikana. Nilimwambia nilitaka wampunguzie mzigo tu. Akaniuliza, "Dada, mimi nilikuomba?"

Leo ilikuwa siku ya kulipa. Alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi, akaketi benchi la mbele, akaweka mezani mchango wa waliosoma, wote. Mzee Wani alihesabu, akachukua kidogo, zilizobaki akamsukumia. "Yako iko hii tu, mtoto. Ni sheria ya dada yako." Taban alitoka bila kuziokota. Ninazo mimi, na sijui nizipeleke wapi.

Msalimie Shangazi Kiden mwenye kuku, na binamu yangu Lado fundi wa baiskeli. Mama mpe salamu zangu zote, ila haya ya Taban usimsomee. Mleta barua nimempa nauli yako. Njoo, Baba, kabla hajavuka mpaka. Mwite msomi mbele ya watu. Mimi nikimwita hivyo anadhani namcheka.

Binti yako,
Poni