Viputo Ulivyoniachia Vitupu

Kulwa, pacha wangu,

Mama anasema niache kukusumbua, marehemu uachwe upumzike. Utapumzika nikishamaliza. Nimekwama, na aliyenikwamisha ni wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kumwagika pale Nyamagana, mengine ni katuni tupu, nasi tukaona zamu yetu imefika. Mimi naandika, wewe unachora, kwenye benchi la karakana ya baisikeli ya baba kule Igoma, karatasi zikinuka grisi. Bahasha zikaenda Dar, zikapotelea huko. Hadithi zangu fupi nazo zikazifuata. Jibu la kwanza tulilowahi kupata lilikuwa fupi: "Mchoraji anaweza. Mwandishi apunguze hotuba." Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

"Doto, huyu jamaa anaanguka kutoka juu ya paa. Maneno yote haya anayasema lini?"

Nilinuna siku nzima. Tangu hapo ukawa unachora viputo vya maneno kwanza, vidogo makusudi, ili nisipate pa kuhutubia.

Kisha ukaugua, ukalazwa hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Kitandani ukachora hadithi nzima bila kunisubiri: msichana na mama yake wako kivukoni, wanaagana. Kila picha ina kiputo kitupu. Nilipokuuliza wanasemaje, ukanijibu, "Hiyo kazi yako. Mimi nimechoka." Nikadhani tutavijaza pamoja ukitoka.

Baada ya msiba nilijikaza, nikajaza ukurasa wa kwanza, nikautuma. Mhariri ameukubali, Kulwa! Jina lako litachapwa. Ila anataka kurasa zilizobaki kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi anampa mtu mwingine. Michoro yako mingine yote imepotelea Dar. Hii ikishindikana, hakuna atakayejua kwamba uliwahi kushika kalamu.

Na mimi siwezi. Msichana umempa uso wako, mama umempa uso wa mama. Kwenye karatasi ya pembeni maneno yananijia vizuri tu, lakini nikiyatia kwenye kiputo chako naona aibu, kama ninayekusemea uongo. Nikamwonyesha mama, nikamuuliza mliambiana nini siku ile ya mwisho.

"Tuliagana wapi, mwanangu?" akasema. "Mimi nilijua narudi kesho."

Akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Sikumuuliza tena, ila nilikuchukia kidogo, pacha wangu, kwa kuniachia kazi hii.

Leo nimeshika picha ya mwisho. Nimeandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika, nikafuta, nikilia kama mtoto, mpaka karatasi imetoboka na raba imeondoka na mdomo wako.

Wewe ungechora mwingine. Mimi sijui kuchora, Kulwa.

Pacha wako aliyebaki,
Doto