Sikusimama Mahali Pako

Nyumba za Walimu,
Chuo cha Wachungaji,
Lushoto.
23 Agosti 1953

Mpendwa mdogo wangu Kristofa,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea pamoja na barua, na barua yenyewe nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa nimesimama pale pale posta watu wakinipita. Wewe je, u mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona? Wanasema Tabora ni joto na vumbi tupu, na mtu uliyezoea ukungu kama wewe najua unateseka hata kama huandiki. Kula vizuri. Maji ya kunywa yachemshe, usione uvivu.

Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama bado anasumbuliwa na magoti, lakini anakwenda kanisani kwetu Malindi kwa miguu yake, na ukimpa mkono umsaidie anakukatalia. Mke wangu Jenoveva na watoto hawajambo. Baridi ya mwaka huu ilikuwa mbaya. Ukungu ulikaa siku kumi na moja haujanyanyuka, maharage yakaoza yakiwa bado shambani, na hata kuni za kuwasha moto zilikuwa mbichi.

Habari ya mashambani ni matuta tu. Kila mahali watu wanaambiwa wachimbe matuta mlimani ili udongo usichukuliwe na mvua, na kila mahali watu wananung'unika, hasa wanawake, maana jembe ni lao. Shamba lako limekwisha chimbwa nusu. Shemeji Yudith anakwenda asubuhi na kurudi mchana, hasemi na mtu.

Chuoni mwaka huu tuna wanafunzi kumi na tisa. Mwalimu Nikodemo, yule unayemwita Paulo Mdogo, bado anafundisha Waraka kwa Warumi, na bado yuko sura ya nane, anasema hawezi kutoka pale kabla hajaielewa. Mimi ninaendelea na Agano la Kale na Kiebrania changu. Najua utacheka kama kawaida yako na kusema kaka anasoma kinyumenyume.

Mwezi wa Juni Mkuu wa Chuo alimtaka kila mwalimu aandike ukurasa mmoja: unafundisha nini, na zaidi ya kufundisha, unachunguza nini. Kurasa hizo zilikuwa za kupelekwa Ulaya, kwa maprofesa wanaotaka kujua kama huku kuna watu wa kuendelezwa. Nikodemo aliandika ukurasa wake kwa siku moja. Mimi nilikaa na karatasi tupu wiki mbili. Mwisho niliandika kwamba nachunguza sadaka katika Mambo ya Walawi, nikizilinganisha na matambiko yetu Washambaa, na hasa jambo moja: kwa nini anayetoa sadaka lazima aweke mkono juu ya kichwa cha mnyama. Nilitaka kuonyesha kwamba kwa Waisraeli na kwetu pia, pasipo mkono wa mtu hakuna sadaka. Mkuu aliufurahia sana ukurasa huo. Aliniuliza kama nimewahi kuona tambiko kwa macho yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikasema bado.

Kristofa, nimezunguka vya kutosha. Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu.

Katika barua yako umeandika hivi: "Kaka, asante kwa kusimama mahali pangu. Nimefarijika kujua kwamba mwanangu alikuwa mikononi mwako." Sijui nani alikuambia hivyo. Labda hukuambiwa na mtu, ulijisemea mwenyewe kwa sababu unanijua, au ulidhani unanijua. Shukrani hiyo siwezi kuipokea. Hulda hakuwa mikononi mwangu.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema tu kwamba mtoto amefariki, na ilikufikia tumekwisha zika. Ile barua fupi niliyoandika baadaye nayo ilisema machache, na machache hayo niliyachagua. Sasa nakuandikia yaliyobaki.

Hospitali walimtibu wiki mbili. Uvimbe wa miguu ulipungua, ukarudi, ukapanda hadi usoni. Daktari hakutuficha, alisema ni figo, na kwamba hana dawa nyingine ya kumpa. Tukamrudisha Malindi kwa lori, Yudith akiwa naye mbele karibu na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Baba mdogo Athumani akaja siku ile ile. Unamjua, swala tano hazimpiti na matambiko ya ukoo hayampiti pia. Akasema kuna jambo la marehemu babu halijatulizwa, kondoo yupo, ila baba wa mtoto yuko mbali, kwa hiyo kaka wa baba atashika nafasi yake. Yudith alinitazama mimi. Yeye ni Mkristo kama sisi, lakini alikuwa mama wa mtoto anayekufa.

Nilikubali upesi mno. Nataka ujue hivyo. Kabla sijamfikiria Hulda niliufikiria ukurasa wangu.

Hapo hapo nikawawaza pia wazee wa kanisa. Mwalimu wa wachungaji akionekana kwenye tambiko atatengwa na Meza ya Bwana, na akitengwa hawezi kufundisha tena. Basi nikajitungia njia ya katikati, na nilijiona mwerevu kweli. Nitakuwepo, lakini sitasema neno la tambiko, sitakula, sitamshika mnyama wala mtoto. Nitaandika tu. Mtu akiniuliza, nitasema nilikwenda kujifunza.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Julai, asubuhi, nyuma ya nyumba ya Baba mdogo. Ukungu ulikuwa mzito, daftari likilowa nikalifunika kwa koti. Unajua inavyokuwa: baba anampakata mtoto, anasema mbele ya watu wote kwamba hana kinyongo na mtu moyoni, kisha anauchukua mkono wa mtoto na kuuweka juu ya kichwa cha kondoo. Ini likishachomwa, baba anakula kwanza, halafu ukoo wote. Ndiyo nafasi yako niliyotakiwa kuishika.

Baba mdogo aliniita mara ya kwanza, nikaendelea kuandika. Akaniita mara ya pili. Mara ya tatu akasema, "Sefania, weka hilo daftari chini. Baba yake hayupo. Leo baba yake ni wewe." Watu wote walikuwa wakisema Kishambaa. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili, kama niko darasani, nikasema, "Mimi hapa nipo kama mwanafunzi."

Hulda alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa blanketi lako lile la kijivu. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamebaki nyufa, lakini alinijua. Akatoa mikono yote miwili nje ya blanketi akanielekezea. Akasema, "Baba mkubwa, nishike." Nikamwambia, "Subiri mama, namaliza kuandika."

Hakuniita tena. Baba mdogo Athumani ndiye aliyempakata, mzee wa miaka sabini, mgongo umepinda, akaanza kutetemeka kwa uzito wa mtoto na Yudith akaja kumshikilia ubavuni. Mimi nilisimama hatua sita kutoka pale. Hatua hizo sita pia nimeziandika.

Jumamosi alasiri alifariki, mikononi mwa mama yake. Nilikuwa nimerudi Lushoto kuandika upya yale niliyoyaandika kwenye ukungu, kabla wino haujafutika.

Huko Malindi wanasema nimemuua kwa kukataa. Sisemi kwamba wana haki. Ini la kondoo lisingeponya figo, na neno langu lisingeponya, naamini hivyo mpaka leo. Lakini mtoto hakuniomba nimponye. Aliniomba nimshike, na ilikuwa kazi ya kunyoosha mikono tu, nami nikaogopa mtu wa kanisa asije akaniona.

Na alikuwepo. Mzee Mussa wa baraza la kanisa alipita njiani akaniona, akapeleka habari. Wiki moja baada ya mazishi niliitwa mbele ya baraza la wazee. Nikaenda na daftari, nikawasomea. Nikawaonyesha palipoandikwa kwamba sikusema, sikula, sikugusa. Wakaridhika, mdogo wangu. Walinishukuru hata kwa uangalifu wangu, wakaniombea, nikatoka nikiwa mtu safi.

Habari hiyo ilimfikia Yudith, kwa sababu mambo ya baraza hayakai barazani. Nilipokwenda kumwona alikuwa anapeta maharage. Hakuacha kupeta. Akasema, "Shemeji, umeandika vizuri? Basi nenda ukafundishe." Tangu siku ile nikimsalimu haitikii, wala simlaumu. Mama anaongea nami, lakini habari za mbuzi tu.

Sasa kuna jambo moja bado. Mkuu wa Chuo alilisoma daftari, akanirudishia akiwa amefurahi, anasema hajaona kitu cha namna hii kwa mwalimu yeyote huku. Ameandika Ulaya, na wamejibu. Wananitaka kwa miaka miwili, nisome chini ya profesa wa Agano la Kale, nami nije na daftari hilo ndilo liwe mwanzo wa kazi yangu. Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa Septemba. Miaka kumi na tano nimeomba jambo hili kwa magoti. Sasa limekuja, na limekuja kwa njia ya mwanao.

Kwa hiyo daftari ninakuletea wewe. Limo ndani ya bahasha hii kubwa. Nakala sikubakiza, wala Mkuu hana. Ukilichoma, umelichoma. Ukilirudisha, nitajua maana yake. Ukisema nisiende, siendi, na sitakuuliza sababu. Ulaya sitajibu neno kabla sijapata barua yako, na kama barua haitakuja nitahesabu kwamba umekataa.

Ukipata likizo njoo kwa Yudith kwanza. Usipitie kwangu.

Jenoveva anakusalimu sana. Mama anakusalimu, anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia makande. Baba mdogo Athumani anakusalimu na kusema kondoo uliyemwachia amezaa. Nikodemo anakusalimu. Nisalimie wenzako wote wa stesheni, na yule mzee wa Kinyamwezi aliyekaa nawe siku tatu za matanga. Mwambie kaka yako anamshukuru. Bwana akulinde katika kazi hiyo ya reli, akupe usingizi, na akuondolee baridi ya moyo hata ikiwa mimi ndiye niliyeileta.

Nilitaka kutia sahihi hapa, lakini kuna kitu utakiona mwenyewe ukifungua daftari, afadhali nikutangulie. Kurasa ni kumi na nne. Nimeandika jina la Baba mdogo, la Mama, la Yudith, la kila aliyekula na kila aliyesimama, hata la mtu aliyemshika kondoo miguu. Mwanao nimemwandika "mgonjwa". Nimepitia jana ukurasa kwa ukurasa: "mgonjwa" mara ishirini na sita. Jina ambalo nilimtafutia mimi mwenyewe katika kitabu cha Wafalme, siku uliponijia mbio kuniambia amezaliwa, halimo hata mahali pamoja. Nilichukua kalamu nilisahihishe, mkono ukakataa. Kama hutalichoma daftari, jina liandike wewe.

Wako akupendaye,
kaka yako,
Sefania