Ouma Asing'oe Mabati

Nairobi

Mama Achieng' wangu,

Habari za huko Kosele? Kikohozi cha Achieng' kimepungua? Na Mama, goti bado linamsumbua? Mimi nipo, ila nimekukumbuka hadi ugali wa hapa hauna ladha. Usicheke.

Barua yako imefika. Kumbe Ouma ameanza kung'oa mabati ya nyumba yake, arudi kukaa kwa Mama! Ati kwa sababu alihama boma la Baba akajenga kabla yangu mimi kaka yake, na sasa chira, laana ya kuvunja huo mwiko, imeniangukia. Boke, nililia. Mdogo wangu jamani!

Sikia. Ile alama ya zambarau kichwani, niliyosema ni ubao ulinigonga kazini, haikuwa ya kugongwa. Ilipanuka, ikaanza kutoa damu. Daktari akakata kipande kikapimwa. Ni kansa ya mishipa ya damu. Alinichorea mshipa nyuma ya bahasha, akanionyesha kuwa ndani kuna utando laini, na huo utando ndio umeharibika. Wanaoipata ni wachache sana, nayo ina mbio, kwa kuwa imekaa kwenye njia yenyewe ya damu. Ukimwi walipima pia, sina, kwa hivyo majirani wanyamaze.

Nikamwuliza, "Daktari, mdogo wangu kujenga kabla yangu, kunaweza kuleta hii?"

Yeye ni mtu wa Asumbi, mila zetu anazijua. Hakucheka. "Hatujui imetoka wapi," akasema, "lakini haikutoka kwa ndugu yako. Mwambie alale kwake."

Jumatatu wananipasua. Naogopa, sikufichi. Kupona hakuniahidi.

Msomee Mama haya kwa Kijaluo, wewe Mkuria siku hizi unakiongea kunishinda. Ouma arudishe mabati yote. Nikija kwa miguu yangu, kabla sijaingia kwetu nitakula kwake, na watu waone. Na nikiletwa nimebebwa, nataka atoke kunipokea kwenye mlango wake mwenyewe, asitoke nyumbani kwa Mama kama mtu mwenye kosa.

Nisalimie Mama, na huyo shemeji yako mkaidi, na wazazi wako kule Ntimaru. Achieng' umbebe mgongoni kidogo kwa niaba yangu, hata kama amekuwa mzito.

Ni mimi, wako,
Baba Achieng'