Kitambaa Kwenye Bomba la Kiyoyozi

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima, shemeji yako kapona jino. Nimesikia unataka kumhamishia mama chumba cha nyuma, eti uzee umemzidi, anamwaga maji chumbani halafu anabisha. Usimhamishe. Maji yale ni kazi yangu.

Unakumbuka nilipokuja kusafisha kiyoyozi cha chumbani kwako? Nilifika mlango wa mbele na ngazi begani, ukasema mbele ya wageni, "We Nyundo, mafundi wanapita nyuma!" Mkacheka. Mdogo wako wa tumbo moja! Nikapita nyuma. Chujio niliosha, gesi nikapima, kazi safi kabisa. Kisha nikasokomeza kitambaa kwenye bomba la kutolea maji, nikijua siku mbili tatu yatarudi ndani yakudondokee kitandani. Nilitaka uamke umelowa chapachapa, unipigie simu kwa adabu. Sikufichi, wiki nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Sikujua mama anakuja kuishi kwako, wala kwamba utampisha chumba chako chenye ubaridi. Jana kaniambia kwenye simu, analia, "Mwanangu, labda kweli ni mimi, nasahau."

Nisamehe, kaka. Mama nitamwomba radhi mwenyewe, kwa magoti. Zimeni kiyoyozi, Jumamosi asubuhi nakuja kuzibua. Ila nitapita mlango wa mbele, na ngazi yangu, hata kama wageni wako wamejaa sebuleni.

Mdogo wako,
Nyundo