Kofia ya Bonifasi

Mume wangu Alistidi,

Huku Nyakasimbi tumeamka wazima. Babu yako anajisifu kwamba umerithi meno yake, na yeye kinywani hana hata moja. Senene, panzi wetu watamu, nao wameanza kushuka.

Umeniuliza kama ninaridhia ununue pikipiki. Kabla sijakujibu, nikusimulie habari za Bonifasi, rafiki yangu wa utotoni. Alikuwa mcheshi kiasi kwamba msibani watu hawakukaa karibu naye, wasije wakacheka.

Asubuhi moja ya msimu kama huu, tulikuwa nyasini tunaokota senene. Bonifasi akapita na pikipiki, akasimama. Hakuwa na mfuko, basi akavua kofia yake ngumu, akaijaza senene pomoni na kuitundika kwenye usukani.

Nikamuuliza, "Bonifasi, na kichwa?"

"Kichwa hakiliwi, dada! Wifi yako anataka senene."

Tulicheka mpaka akatokomea. Kwenye mteremko wa kwao, ng'ombe akakatiza barabara. Tukampoteza palepale. Kofia haikupata hata mkwaruzo.

Hakuwa mzembe, mume wangu. Alikuwa na furaha tu, na nyumbani palikuwa karibu. Mpaka leo senene wakishuka nacheka kwanza, ndipo namkumbuka vizuri.

Basi nunua. Kwenye basi la kesho nakutumia kofia ngumu, na senene wa kukaanga. Senene nimewatia kwenye kopo lao. Kofia naituma tupu. Cha kuijaza unacho mwenyewe.

Mkeo wa kwanza,
Bibi